Kiwanja cha 20 kwa 20: Choo, kisima na afya ya mtoto mjini Tabora

Tabora. Kwa familia nyingi zinazotafuta pa kujenga, mazungumzo na dalali huanza na kiwanja cha 20 kwa 20. Ni mita 400 za mraba. Nyumba ya vyumba vitatu inakaa, uzio unazunguka, na nyuma unabaki uwanja mdogo wa kufulia na kuanika. Choo cha shimo au karo huchimbwa kona moja. Kisima, kwa wale ambao bomba halijawafikia au maji yanakuja kwa mgawo, huchimbwa kona nyingine.

Sasa chukua kamba upime. Mwongozo wa Sphere, unaotumika duniani katika masuala ya maji na usafi, unataka shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji hayo. Katika kiwanja cha mraba cha mita 20, umbali mrefu kuliko wote, yaani kutoka kona hadi kona kwa mshazari, ni mita 28 na kidogo. Hata ukiweka choo mwisho huu na kisima mwisho ule, mita 30 hazijatimia. Na hapo hujahesabu choo cha jirani wa nyuma, ambacho kinaweza kuwa hatua tano tu kutoka kwenye ukuta wako.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayofanya suala la kanuni za maeneo ya makazi, ambalo wengi hulichukulia kuwa la wapima ardhi na madiwani, kuwa suala la mama mwenye mtoto wa miaka miwili anayeharisha kila baada ya wiki chache. Ukubwa wa kiwanja, upana wa njia, mahali pa gereji na mahali pa uwanja wa watoto huamuliwa kwanza kwenye karatasi. Mtoto huugua baadaye, nyumbani, na kwenye kadi ya kliniki panaandikwa tu “kuhara” au “malaria”. Hakuna daktari anayeandika “kiwanja kidogo, bomba halikufika”.

Mji unaojaa

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Tabora ikiwa na watu takriban 227,000. Sensa ya 2022 ilikuta takriban 309,000. Ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja ndani ya miaka kumi. Ukigawa watu watano kwa kila kaya, ni kaya mpya zaidi ya 16,000 zilizohitaji pa kulala, choo na maji. Ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Makutupora, pamoja na vipande vinavyotoka Tabora kwenda Isaka na Kigoma, umeufanya mji huu wa njia panda utazamwe upya na watu wa biashara, na ardhi inafuata macho yao.

Kama kila kaya kati ya hizo 16,000 ingepewa kiwanja cha 20 kwa 20, zingehitajika hekta 640 za viwanja vitupu kabla ya kutenga barabara, shule, zahanati na makaburi. Kwa viwanja vya 15 kwa 20, hekta hizo zinashuka hadi 480. Hapo ndipo mvutano ulipo katika miji midogo na ya kati ya Tanzania: kanuni zibane viwanja vibaki vikubwa, au zilegezwe watu wengi zaidi wapate?

Jibu rahisi la mtu wa afya lingekuwa “vikubwa”, kwa sababu ya choo na kisima. Jibu hilo lina kasoro, na historia ya kanuni zenyewe inaonyesha kwa nini.

Mipaka iliyochorwa kwa jina la malaria

Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857 wakitokea pwani kwa njia ya misafara, hawakukuta mji wenye mitaa iliyonyooka. Burton alieleza juu ya matembe makubwa yaliyotawanyika, kila moja na ua wake wa ndani, ghala na bustani. Nyumba ilikuwa makazi, stoo ya pembe na nguo, na mahali pa kupokea wageni kwa pamoja. Kuchanganya makazi na biashara, jambo ambalo leo huombewa kibali, ndiko kulikoanzisha Tabora.

Mipaka ilikuja na wakoloni. Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam mwaka 1891, na kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia walikuwa wameugawa mji huo kwa aina ya nyumba zinazoruhusiwa kila upande. Sababu iliyotajwa mara nyingi ilikuwa afya. Madaktari wa enzi hiyo walishaona kwamba watoto wa Kiafrika hubeba vimelea vya malaria bila kuonyesha homa kali, na badala ya kuuliza watoto hao watibiwe vipi, wakauliza Wazungu wakae nao mbali kiasi gani. Mwaka 1913 Serikali ya Uingereza ilimtuma Profesa William John Simpson kuangalia hali ya usafi katika makoloni yake ya Afrika Mashariki. Alishauri miji igawanywe kwa rangi, na katikati kuwe na ukanda wa wazi usiojengwa. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam ni kumbukumbu ya fikra hiyo, ingawa leo watu hupumzika pale bila kuijua.

Baadaye hati ziliacha kutaja rangi waziwazi. Zikataja ukubwa wa kiwanja na ubora wa nyumba, na matokeo yakawa yaleyale: viwanja vikubwa uzunguni, vya kati uhindini, vidogo uswahilini. Sheria ya mipango miji ya mwaka 1956 ilidumu nusu karne, ikavuka uhuru, hadi ilipobadilishwa na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Ngazi tatu za viwanja zilivuka nayo. Kanuni za viwango za mwaka 1997 bado zilisema ujazo wa juu ni mita za mraba 400 hadi 800, ujazo wa kati 801 hadi 1,600, na ujazo wa chini 1,601 hadi 4,000. Rangi ya mtu haimo tena, lakini umbo ni lilelile.

Viwango hivyo vikubwa havikuwaletea afya watu wengi. Manispaa na miji haikuweza kupima viwanja vya kutosha kwa ukubwa huo, bei ikapanda, na mwenye kipato kidogo akanunua kipande kwa mkulima pembezoni, kwa hati ya maandishi ya mkono iliyoshuhudiwa mbele ya mwenyekiti. Huko hakukuwa na mita 400 wala barabara. Kanuni iliyotaka kiwanja kikubwa kwa jina la usafi iliwasukuma maelfu mahali pasipo na usafi kabisa. Ndiyo maana kanuni za karibuni, zikiwamo za mwaka 2018, zimekuwa zikikubali ukweli wa viwanja vidogo.

Kiwanja kidogo, bomba fupi

Wazazi wengi hawaambiwi kwamba kiwanja kidogo kina faida yake kwa upande wa maji. Bomba la mtaani likipita mbele ya viwanja vyenye upana wa mita 20, nyumba zikiwa pande zote mbili, kila kaya inahitaji mita 10 za bomba hilo. Upana ukiwa mita 15, inahitaji mita 7 na nusu. Kwa fedha ileile, mamlaka ya maji inafikia nyumba nyingi zaidi. Kwa eneo la viwanja vya mita za mraba 2,000, hesabu ya bomba, nguzo za umeme na lami huwa nzito, na mara nyingi hulipwa na wasioishi huko.

Kwa hiyo swali la kumuuliza diwani au mwenyekiti wa mtaa mchoro mpya unapoletwa si “viwanja vina ukubwa gani?” peke yake. La pili ni zito zaidi: “maji ya bomba yanafika lini, na majitaka yanakwenda wapi?” Kiwanja cha mita za mraba 300 chenye bomba na karo linaloweza kunyonywa ni salama kwa mtoto kuliko cha mita 600 chenye kisima kilichokaa katikati ya vyoo vitatu vya majirani.

Tabora ina nafasi ambayo haikuwa nayo zamani. Kwa miaka mingi mji ulitegemea zaidi bwawa la Igombe, na kila aliyekulia Tabora anakumbuka misimu ya ndoo. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria umebadilisha upande wa chanzo. Kilichobaki ni mtandao wa kusambaza, na mtandao hufuata mchoro. Mtaa usio na mchoro huchelewa, kwa sababu fundi wa mamlaka ya maji hawezi kulaza bomba mahali ambapo kesho patakuwa sebule ya mtu.

Upande wa majitaka ni mgumu zaidi. Familia nyingi za mjini hutumia vyoo vya shimo au makaro, na hilo halitabadilika haraka. Udongo wa kichanga, ambao ni wa kawaida katika sehemu kubwa ya Unyanyembe, hupitisha maji upesi. Mvua zikishika kati ya Desemba na Machi, maji ya ardhini hupanda na kukutana na mashimo. Kisima ambacho maji yake yalikuwa meupe Septemba kinaweza kuwa na vijidudu vya kinyesi Februari huku maji yakiwa meupe vilevile. Chanjo ya rotavirusi wanayopewa watoto wachanga hukinga aina moja tu ya kuhara, tena ile kali. Haimkingi mtoto dhidi ya bakteria wa kisimani.

Mzazi aliye kwenye nyumba ya namna hiyo leo, kabla mchoro wowote haujaja, ana mambo machache ya kufanya. Maji ya kisima yawe ya kufulia na kusafishia. Ya kunywa, ya kuchanganyia uji na ya kuoshea vyombo vya mtoto yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye kifungashio. Kisima kijengewe ukingo na mfuniko, maji yaliyomwagika yasirudi ndani. Mtoto akiharisha, apewe maji ya ORS na vidonge vya zinki, aendelee kunyonya na kula. Akilegea, macho yakidumbukia, akitapika kila kitu au kukiwa na damu kwenye choo, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Mashimo ya matofali na asilimia 23

Malaria ileile iliyotumiwa na wakoloni kutenganisha watu bado iko Tabora. Utafiti wa kitaifa wa Demografia, Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 uliwapima watoto wa miezi 6 hadi 59. Kitaifa, asilimia 8 walikuwa na vimelea. Mkoa wa Tabora ulikuwa na asilimia 23, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Takwimu hiyo ni ya mkoa mzima, vijiji vikiwamo, na kwa kawaida mjini huwa na nafuu kuliko vijijini. Nafuu hiyo hupotea pembezoni mwa mji, mahali ambapo shamba linageuka kuwa mtaa.

Pale pembezoni ndipo nyumba mpya zinapojengwa, na nyumba ya tofali za kuchoma huanza na shimo. Udongo huchimbwa hapohapo kiwanjani au kwenye kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa, matofali yanapigwa, tanuri linawashwa, nyumba inasimama, na shimo linabaki. Mvua ikinyesha, shimo lisilo na kivuli linajaa maji ya tope yenye jua. Mbu anayeeneza malaria, tofauti na yule wa mitaro michafu, hupenda maji ya aina hiyohiyo: mapya, madogo, yenye jua. Kwenye joto la Tabora, yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Mbu huyo haendi mbali akipata damu karibu, na chumba cha kwanza anachokuta ni cha familia iliyochimba shimo.

Mpunga una hadithi kama hiyo. Mbuga za chini zilizo ndani ya mipaka ya Manispaa hulimwa, na kwa familia nyingi gunia mbili tatu za mpunga ni ada ya shule. Kuzipiga marufuku kwa mstari kwenye ramani kungekuwa kuwaadhibu wanaojitegemea. Lakini mchoro unaoruhusu viwanja vya makazi hadi ukingoni mwa mbuga unawauzia watu mbu pamoja na kiwanja, na mafuriko juu yake. Mbuga ibaki mbuga. Kama kuna eneo moja ambalo kanuni zinapaswa kuwa kali bila huruma, ni hili, kwa sababu mnunuzi huonyeshwa kiwanja Agosti, ardhi ikiwa kavu na inapendeza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na ziwa. Kuhusu mashimo ya matofali, chombo cha karibu zaidi ni sheria ndogo za Manispaa na masharti ya kibali cha ujenzi. Sharti la kulifukia shimo kabla nyumba haijahamiwa halimgharimu mjenzi sana likiwekwa mwanzoni. Likiachwa, baadaye Manispaa hununua viuadudu vya kibaiolojia kutoka kiwanda cha Kibaha na kumtuma mtu kunyunyizia shimo hilohilo kila msimu.

Fremu, gereji na baa

Kanuni za makazi zinapopitiwa upya, kinachogombaniwa zaidi huwa ni biashara. Mchoro unasema “makazi”, lakini barabarani kuna fremu sita, mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea na, kona ya pili, baa yenye spika mbili. Wengine hutaka zote ziondolewe. Wengine wanasema mtu aachwe ajitafutie riziki.

Kwa macho ya mtoto biashara hizi hazilingani. Genge la nyanya, duka la unga na mkate, fundi cherehani na saluni hazimdhuru, na zinampunguzia mama safari ya sokoni. Duka lililo hatua 50 kutoka nyumbani humfanya mtoto anayetumwa asivuke barabara kuu. Kanuni inayomtaka mama wa genge alipie mabadiliko ya matumizi ya ardhi kama vile anajenga hoteli haimlindi mtu.

Gereji ni jambo lingine. Betri kuukuu za magari zina risasi, madini ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake salama mwilini mwa mtoto. Inaathiri akili, na haiachi dalili ambayo mzazi anaweza kuiona mapema. Vumbi lake huingia kupitia mikono na nguo, na mtoto anayecheza chini karibu na mahali betri zinapofunguliwa ndiye anayelipata kwanza. Rangi za kupulizia, moshi wa kuchomelea na mwanga wake mkali vinafuata. Kelele za usiku nazo zina madhara yake. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 ilipendekeza kelele ya nje usiku isizidi desibeli 40, sawa na maktaba tulivu. Spika za baa haziko karibu na hapo, na mwanafunzi wa darasa la saba anayeamka saa 11 alfajiri hulipa kwa usingizi wake.

Mifugo imo kwenye orodha hiyohiyo. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliruhusu ng'ombe wasiozidi wanne, wafugwe ndani bila kuachiwa kuzurura. Ni idadi ya busara: maziwa ya watoto yanapatikana, na mbolea inabaki kiasi cha kuhamishika. Shida huanza pale kundi la ng'ombe 15 linapolala kwenye kiwanja cha 20 kwa 20.

Kwa hiyo mgawanyo wa zamani wa “hapa makazi, pale biashara” haufai sana mji kama Tabora. Mgawanyo unaomsaidia mzazi ni wa madhara: kipi kinatoa sumu, moshi, kelele ya usiku au magari makubwa, na kipi hakitoi.

Njia ya gari la wagonjwa

Urasimishaji wa makazi umefika mitaa mingi nchini. Wakazi huchangia, kampuni au wataalamu wa halmashauri huchora, viwanja hupimwa na hati hutolewa. Wazazi wengi huufuatilia kwa ajili ya hati, kwa matumaini ya mkopo na urithi. Hati ni jambo jema. Kinachowafanya watu wagombane kwenye mkutano wa mtaa, hata hivyo, ni nani amege ukuta wake ili njia ipanuke.

Njia ya mita mbili inatosha bodaboda. Haimtoshi dereva wa mfumo wa M-mama, anayepigiwa kupitia namba 115 mama mjamzito anapotokwa damu usiku. Haitoshi gari la kunyonya majitaka, kwa hiyo choo kikijaa huchimbwa kingine pembeni, na umbali kati ya shimo na kisima unapungua tena. Mtaa ambao gari la majitaka haliingii utakuwa umejaa mashimo ya zamani chini ya ardhi baada ya miaka 20. Anayekataa kumega mita moja ya ua wake anaona hasara ya mita moja. Gharama nyingine zinagawanywa kwa nyumba zote za nyuma yake, na mara nyingi walio nyuma ni wapangaji, ambao hudhani mkutano hauwahusu. Mpangaji ni mkazi wa mtaa. Akiwa na umri wa miaka 18 na zaidi, anaruhusiwa kukaa kwenye mkutano na kusema.

Uwanja wa watoto ndio hupotea kwanza katika zoezi hili, kwa sababu hauna mwenyewe wa kuupigania. Tabora ina bahati ya miembe mikubwa, mingine ikifuata njia za zamani za misafara, na kivuli chake kimekuwa uwanja wa michezo kwa vizazi. Mwembe wa mtaani hauandikwi kwenye mchoro usipotajwa. Eneo la wazi lililoandikwa kwenye mchoro halina budi kufuata utaratibu wa kisheria kabla ya kugeuzwa. Lile lililopo kwa mazoea tu linaweza kuamka na vigingi asubuhi moja.

Tangazo lililobandikwa

Anayetaka kubadilisha matumizi ya kiwanja chake, kwa mfano kutoka makazi kuwa makazi na biashara au kituo cha mafuta, haruhusiwi kufanya hivyo kimyakimya. Hutakiwa kutangaza, kwa kawaida gazetini na kwa bango kwenye kiwanja chenyewe, ili majirani wenye pingamizi walitoe ndani ya muda uliotajwa. Maombi hupita kwenye kamati ya Manispaa inayoshughulikia mipango miji na mazingira, na hatua za juu hushughulikiwa kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa. Tangu mwaka 2020 ofisi hizo ziko kila mkoa, hivyo mkazi wa Tabora hahitaji kwenda hadi makao makuu ya wizara kufuatilia.

Udhaifu uko kwenye bango. Hubandikwa kwa lugha ya kisheria, kwenye karatasi inayofifia kwa jua, na wapita njia hudhani ni tangazo la mnada. Mzazi akiliona, apige picha kwa simu, namba ya kiwanja na kitalu zionekane, na aitume kwenye kundi la mtaa siku hiyohiyo. Mchoro wa mtaa huonekana kwenye ofisi ya mipango miji ya Manispaa, na kuomba kuuona si kumshitaki mtu. Inatosha kusema, “Shikamoo mzee, naomba kuona mchoro wa mtaa wetu, nataka kujua eneo la wazi liko wapi.”

Barua ya pingamizi haihitaji wakili. Itaje namba ya kiwanja kinachoombewa, umbali kutoka nyumbani kwa mwandishi au shuleni, na madhara yanayohofiwa kwa maneno ya kawaida: betri zinafunguliwa wapi, maji machafu yatakwenda wapi, magari yataingilia upande gani, mziki utazimwa saa ngapi. “Hatutaki baa” ni sentensi dhaifu mbele ya kamati. “Baa itakuwa mita 40 kutoka kwenye madarasa ya chekechea na haina choo” ni sentensi ambayo afisa afya anaweza kwenda kuikagua kwa mamlaka aliyonayo chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Saini za kaya kumi zinazopakana zina uzito kuliko saini mia za watu wa kata nyingine.

Barua ipelekwe kwa mkono kabla muda haujaisha, nakala kwa mtendaji wa mtaa na diwani, na nakala moja irudi nyumbani ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.